Mistari ya Mlangoni kwa Nesi

Enzi za Nesi, ukifika zahanati ya Mpepai hukuulizwa kwanza unaumwa nini. Uliambiwa usimame mlangoni, visigino viguse mbao, kidevu chini. Nesi alichomoa penseli kutoka kwenye nywele zake, akalaza kitabu kichwani kwako, akachora mstari kwenye fremu ya mlango. Pembeni aliandika jina lako na mwezi. Mara ya kwanza niliyosimama pale nilikuwa mtu mzima na homa ilikuwa inanigonganisha meno. Nikamwambia, "Nesi, mimi nimeshamaliza kukua."

"Hilo niachie mimi," akasema. "Simama wima. Umepinda kama mgomba."

Nilipopona nilirudi kumuuliza kwa nini anapima watu wazima. Nina tabia hiyo, kitu nisichokielewa hakinipi usingizi. Niliacha shule darasa la sita, si kwa kufukuzwa, nilichoka tu kukaa mahali pamoja nikijibu maswali ya watu wengine wakati yangu yalikuwa hayajajibiwa. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kupanda na kushuka. Napandisha usipa, wale dagaa wa ziwani, mpaka Mbinga na vijiji vyake, nashusha maharage. Kwa hiyo kila baada ya wiki kadhaa nilipita Mpepai, na kila nilipopita nilikaa kwenye benchi la zahanati kama mtu mwenye ugonjwa.

"Kadi ya mtoto inaishia miaka mitano," Nesi alinijibu. "Akifika hapo, mama yake anaikunja anaiweka kwenye sanduku, na hakuna anayemtazama tena mpaka aje na mimba au na jeraha la panga. Hapo katikati anakua mwenyewe, kama magugu. Basi mimi nachora."

"Na mimi je? Sina miaka mitano."

"Wewe nilitaka tu uwe na cha kufanya, uache kuuliza."

Aliniita Kiguu na Njia. Alisema kama ningesoma ningekuwa usumbufu wa taifa zima.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyelima, maana hakuwahi kuacha kulima. Asubuhi kabla ya kazi ungemkuta kwenye mteremko nyuma ya zahanati akichimba ngolo, yale mashimo ya kuzuia maji yasichukue udongo, akiwa tayari amevaa viatu vyake vyeupe vya kazini. Viatu alivifuta kwa majani kabla ya kuingia. Watu walimwita daktari, kama tunavyomwita kila mtu mwenye koti jeupe, naye aliwakatiza kila mara: "Daktari yuko Mbinga. Mimi ni nesi."

Alikuwa na lugha mbili kazini. Kiswahili kilikuwa cha dawa na maelekezo, Kimatengo kilikuwa cha kufoka. Ukisikia ameanza Kiswahili akahamia Kimatengo katikati ya sentensi, ulijua kuna mtu hakumaliza vidonge vyake. Akishamaliza kufoka alirudi kwenye Kiswahili, sauti imetulia kabisa, akamuuliza yule yule mgonjwa, "Umenielewa, mwanangu?"

Aliwakataza wagonjwa mizizi na majani, lakini goti lake lilipouma alifunga kitambaa chenye kitu kilichonuka kama zizi. Nilipomuuliza ni nini alisema ni goti. Ukutani palikuwa na bango la kukataza tumbaku, na chini ya bango hilo, kwenye droo, palikuwa na kopo lake la ugoro. Alinusa akiwa amegeukia dirishani, kisha akapiga chafya kwa adabu na kusema vumbi limezidi.

Jambo moja lilinichukua muda kuliona. Alikuwa na watoto sita, wakubwa, wengine walimu. Wanawake wenzake walizungumzia watoto wao kutwa. Yeye mbele ya wagonjwa hakuwataja hata mmoja. Nilidhani ana ugomvi nao. Siku moja mwanamke aliyekuwa ameolewa miaka mingi bila kupata mtoto aliingia, na Nesi, aliyekuwa akinisimulia kuhusu mjukuu, alikata neno kama amejiuma ulimi. Yule mama alipotoka aliniambia, "Nawaambia hawa wavumilie. Mtu mwenye sita akikwambia uvumilie, ungemwelewa?"

Sikujua bado kwamba kati ya hao wasiopata mtoto kuna mmoja hasa aliyekuwa akimfikiria.

Yule mmoja nilikuwa nimemwona. Ilikuwa siku ya kliniki, foleni imefika mpaka kwenye mibuni. Msichana wa miaka kumi na mitano alikuwa amemsindikiza mama yake, akiwa mfupi kama mtoto wa darasa la tatu. Jina lake Skola. Nesi alimsimamisha mlangoni, akachora, kisha akainama akatafuta mstari wa mwaka uliopita. Ilikuwa karibu mahali pamoja. Ungeweza kuweka punje ya mchele katikati, si zaidi.

Nesi alimgeukia mama. Alianza kwa Kiswahili. "Mama Skola, mayai ya kuku wako yanakwenda wapi?" Akahamia Kimatengo, na foleni yote ikasikia kwamba kuna wanawake wanauza maharage yote sokoni na kuwalisha watoto maji ya kunde. Kwa penseli akaandika pembeni ya mstari, kwa herufi kubwa, LISHE. Watu walicheka. Nami nilicheka, sina sababu ya kuficha. Mama Skola alijaribu kusema kitu kuhusu miguu ya mtoto wake alipozaliwa, Nesi akampa unga wa uji na dawa ya minyoo, akaita mwingine.

Yaliyofuata Nesi alinisimulia mwenyewe, miaka baadaye. Skola alifika miaka kumi na tisa bila kuvunja ungo. Alikuwa amepata mchumba, mvuvi wa kule ziwani, kijana mzuri tu. Bibi yake, aliyekuwa na kazi ya kumfunda, aliona haya kumpeleka kwenye ndoa bila kuuliza. Alikuja zahanati peke yake, akiwa amejifunga shuka mpaka puani, akanong'ona, "Mtoto hajaona mwezi. Tumwoze?"

"Nikamjibu," Nesi aliniambia, "'Wengine huchelewa. Akishaolewa atafunguka.' Nilisema hivyo kwa sababu nilisikia wakunga wakisema hivyo. Sikusoma popote. Bibi alikwenda nyumbani akawaambia Nesi amekubali."

Basi Skola akashuka ziwani kuolewa kwa ruhusa ya zahanati.

Baada ya miaka mitatu wakwe walimrudisha kwa kuwa hakuzaa. Lakini hakurudi Mpepai. Alipotelea pwani ya ziwa, na nyumbani ikafika habari moja tu, kwamba hataki kumsikia mama yake. Mama Skola alikuja kumuuliza Nesi kama kuna ugonjwa unaomfanya mtoto amchukie mzazi. Nesi alimwambia avumilie.

Sasa semina. Waliitwa Mbinga mjini, manesi, wakunga na waganga wa zahanati, kwa mambo ya uzazi. Nesi hakupenda semina, alisema ni mahali pa kunywea soda umekaa. Siku ya pili akasimama daktari mmoja wa kike, mgeni, akawaonyesha picha ukutani. Msichana mfupi, kifua kipana, shingo pana yenye ngozi iliyozidi kando, nywele zimeshuka chini kisogoni, viwiko vimetoka nje. Akauliza nani anaijua hali hii.

"Mikono miwili ikanyooka," Nesi alisema. "Mmoja alikuwa anaomba kwenda msalani."

"Na wa pili?"

"Wa pili alilisikia jina chuoni. Alidhani ni ugonjwa wa ng'ombe."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa namtazama Skola ukutani."

Alirudi Mpepai siku hiyo hiyo kabla semina haijaisha, na posho akawaachia. Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti cha zahanati, mgongo ameupa wagonjwa, anaitazama fremu. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa. Nikakaa chini, nikauliza ni ugonjwa gani.

Jina lenyewe hakulipenda. Alisema ni jina la daktari wa Kizungu ambaye hakuwahi kufika Mpepai. Alinyoosha mkono akachuma tunda jekundu la kahawa, akalibonyeza. Zikatoka punje mbili, zimelaliana ubapa kwa ubapa, kama kawaida. Akachuma jingine, na jingine, mpaka akapata alilotaka. Ndani yake ilikuwemo punje moja tu, ya mviringo.

"Mtoto wa kike akitungwa hupewa vitu viwili," alisema. "Vinaitwa kromosomu za jinsia. Kimoja cha mama, kimoja cha baba. Vimebeba maelekezo ya mwili, namna ya kukua, namna ya kupevuka. Huyu anapata kimoja kizima. Cha pili hakikuja, au kimekuja kimevunjika. Akili yake nzima, mikono yake nzima, lakini anabaki mfupi, na mayai ya uzazi yanakwisha mapema. Wengi yamekwisha kabla hata hawajavunja ungo."

"Nani amekosea? Baba au mama?"

"Hakuna. Nilimuuliza daktari mara tatu. Hakuna. Si chakula, si laana, si damu ya ukoo. Imetokea tu, kama hili tunda." Alilitia mfukoni. "Wakizaliwa, wengine miguu na mikono huwa imevimba. Hapo ndipo mtu mwenye macho angeona."

Nikamkumbuka Mama Skola na maneno yake aliyokatizwa. Nesi aliniona nimekumbuka.

"Lakini si hilo tu linaloniweka hapa," akasema. "Baadhi yao wana kasoro kwenye moyo, hawajui. Wanaweza kuishi nayo miaka, siku moja mshipa mkubwa ukapasuka. Lazima asikilizwe moyo. Wewe unayezurura kule chini, hujamwona? Mfupi sana. Viwiko vyake vinatoka nje, kama mtu aliyebeba ndoo mbili hata akiwa hana kitu. Hucheka kabla ya kusema."

 Kule Kihagara, ufukweni mwa ziwa, palikuwa na mwanamke niliyekuwa nikinunua usipa kwake miaka minne. Walimwita Kadogo, sikuwahi kuuliza jina jingine. Mimi, ninayeuliza kila kitu. Siku moja nilimkaribisha chakula cha kutoka milimani akakataa. Alisema mganga wa kienyeji alimfunulia kwamba mama yake mzazi ndiye aliyemfunga kizazi, na tangu siku hiyo chakula kilichopikwa kwao hakipiti kooni.

"Nanunua usipa kwake," nikasema.

Nesi alikuwa mtu wa milimani hasa. Aliogopa ziwa kwa namna ya kuchekesha. Alisema maji mengi kiasi kile yangepaswa kuwa na ukuta. Hakuwahi kushuka hata kuoga miguu. Lakini wiki iliyofuata tulipanda basi dogo kushuka ziwani, kisha bodaboda, yeye akiwa amekaa upande mmoja na pochi kifuani, akimwambia dereva kwa Kimatengo mambo ambayo dereva, Mnyasa, kwa bahati hakuyaelewa.

Tulimkuta Kadogo kwenye vichanja vyake, anageuza usipa kwa viganja. Alimwona Nesi, akacheka kidogo, halafu kicheko kikaisha.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba, Skola."

"Umekuja kunipima?"

"Nimekuja kukwambia kwamba nilikupima vibaya."

Nesi alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, ziwa ameliweka mgongoni ili asilione. Alitoa lile tunda la kahawa, limeshakauka na kuwa jeusi, akaanza kulielezea. Skola alimsikiliza kidogo.

"Mimi si kahawa, Nesi."

"Kweli." Akalirudisha mfukoni. "Nisamehe. Nitakwambia kama ilivyo."

Alimwambia kama ilivyo. Skola aliendelea kugeuza usipa, mstari kwa mstari, bila kuruka. Alipofika mwisho wa kichanja akauliza, "Kwa hiyo sitazaa."

"Kwa kawaida ya mwili wako, sidhani. Damu ndiyo itasema kwa hakika, na itapelekwa mbali kupimwa. Sitakudanganya mara ya pili."

"Na zile siku nilizohesabu? Nilipoolewa ulinitumia karatasi, nihesabu siku za kushika mimba."

"Hazikuwepo siku za kuhesabu. Sikujua."

Skola alifuta mikono kwenye khanga. "Mganga alisema ni Mama. Alisema alinifunga kwa uzi wa kitovu. Alimtaja mpaka kovu lake la mkono."

"Kila mtu Mpepai analijua lile kovu," Nesi akasema. "Nisikilize. Ulipokuwa na wiki mbili mama yako alikubeba kwa mguu mpaka zahanati. Akafungua nguo akanionyesha miguu yako imevimba. Nikamwambia itanywea, aende nyumbani. Ulipokuwa na miaka kumi na mitano akataka kunikumbusha, nikamfokea mbele ya watu. Kati yetu wote yeye ndiye aliyeona kwanza. Mimi ndiye niliyemnyamazisha."

Palikuwa na wanawake wengine kwenye vichanja vya jirani, waliokuwa wakipiga soga. Wote walikuwa wametugeukia sasa.

"Miaka mitano sijamsalimia," Skola akasema. Hakuwa akimwambia yeyote.

Nesi alitoa kopo la ugoro, akalitazama, akalirudisha bila kulifungua. Kisha akataja suala la moyo, kwamba lazima aende hospitali, wiki hiyo.

"Usipa hawajakauka."

"Nitasubiri wakauke."

Alisubiri siku mbili, yule mtu anayeogopa maji, katika chumba ambacho mawimbi yalisikika kama yako chini ya kitanda. Asubuhi ya pili nilimkuta anamsaidia Skola kugeuza usipa, vibaya, na Skola anamfokea.

Tulipanda wote watatu. Hospitali walimsikiliza moyo, wakamtoa damu. Halafu tukaenda Mpepai, na Nesi hakutaka twende nyumbani kwa Mama Skola. Alitaka siku ya kliniki. Alituma mtu amwite mama, na foleni ilipojaa alisimama kwenye kizingiti kile kile.

Alisema kwa Kimatengo, ile lugha yake ya kufoka, na watu walijikunyata kwa mazoea kabla hawajaelewa kwamba anajifokea mwenyewe. Alisema yote, LISHE, bibi aliyenong'ona, miguu iliyovimba. Alisema, "Nilimwaibisha mama huyu mbele yenu, kwa hiyo naomba radhi mbele yenu."

Mama Skola alikuwa ameshika kikapu. Hakulia wala hakukumbatia mtu, Wamatengo hatufanyi hivyo hadharani. Alimwambia Nesi, "Nimesikia." Kisha akamgeukia binti yake. "Umekula?"

"Bado."

"Nimepika maharage."

Walikwenda. Mimi nilifuata kwa sababu ni mimi. Skola alikaa jikoni kwa mama yake, akanawa, akakata tonge, akalishika muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Akala.

Majibu ya damu yalichelewa sana, lakini yalipokuja yalisema alichosema Nesi. Kwenye moyo kuna kitu kidogo, anakwenda kuangaliwa kila mwaka, na anameza vidonge vya homoni kwa ajili ya mifupa. Vichanja vyake bado viko Kihagara. Sikukuu hupanda kwao, na mama yake nakatazwa kumuuzia usipa, analetewa na mwanawe.

Nesi alistaafu. Nilipita Mpepai mwaka jana nikamkuta kwenye benchi la foleni, na mara hii mgonjwa alikuwa yeye. Goti. Zahanati imepakwa rangi, fremu ya mlango ni ya bluu, mistari yote imefunikwa, isipokuwa kipande kimoja cha upana wa kiganja ambacho mbao zake ziko wazi. Nesi alikuwa amemsihi fundi wa rangi akiache. Mstari wa Skola uko pale. Neno LISHE limekatwa kwa penseli, bado linasomeka.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba, Kiguu na Njia. Kaa. Usiniulize kitu, naumwa."

Nesi mpya ni binti mdogo, sauti yake nyembamba. Alitoka na kitabu, akaita wa kwanza, mama mmoja na binti yake aliyevaa sare za shule. Akamsimamisha binti mlangoni, visigino kwenye mbao. Kichwa kiliishia chini ya mstari wa Skola. Nesi mpya akamuuliza umri, akainama akatazama shingo yake nyuma, akamwambia anyooshe mikono.

Pembeni yangu Nesi mzee aliinama mbele, goti amelisahau.

Mama wa yule binti aliharakisha kujitetea. "Anakula, Nesi. Nyumbani anakula vizuri, usidhani."

"Najua, Mama," yule nesi mpya akasema kwa sauti ya chini. "Alipozaliwa alikuwaje? Karibuni ndani mniambie."

Wakaingia wote watatu. Foleni ilirefusha shingo, lakini hapakuwa na cha kusikia.

Nesi alichomoa kopo lake la ugoro, safari hii bila kugeukia dirisha lolote. Akanigusa kwa kiwiko.

"Umeona?" akasema. "Amefunga mlango."